Milki ya Bizanti na Majirani Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Diplomasia na Vita

Wengi hukutana na historia ya Bizanti kwa vipande: kuzingirwa kwa mji huku, harusi ya kifalme kule, kisha ghafla Konstantinopoli inaangukia mikononi mwa Waturuki. Majibu yaliyo hapa chini yanaviunganisha vipande hivyo. Yanatetea wazo moja ambalo mara nyingi husahauliwa, yaani kwamba watawala wa Konstantinopoli waliyahesabu mazungumzo, dhahabu, ndoa na upanga kuwa zana za kazi moja, na kila zana ilitegemea nguvu ya zile nyingine.

Bizanti ilikuwa dola gani hasa?

Ilikuwa nusu ya mashariki ya Dola la Roma, iliyoendelea kuishi baada ya ile ya magharibi kusambaratika mwaka 476. Makao yake makuu yalikuwa Konstantinopoli, mji uliozinduliwa na Kaisari Konstantino mwaka 330 kwenye mlango wa bahari unaotenganisha Ulaya na Asia, ambao leo ni Istanbul. Raia wake walizungumza Kigiriki kwa wingi, lakini walijiita Warumi mpaka siku ya mwisho, na Waarabu nao waliwaita hivyo. Msomaji aliyesoma Kurani amekwisha kulikuta dola hili katika Sura ya 30, Ar-Rum, ambayo aya zake za mwanzo zinataja kushindwa kwa Warumi na kuahidi kwamba watashinda tena baada ya miaka michache. Vita vinavyotajwa hapo vitaelezwa mbele kidogo.

Kwa nini makaisari walilipa dhahabu wakati walikuwa na jeshi?

Kwa sababu walikuwa na jeshi moja na mipaka mingi. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya mto Danube, makabila ya wapanda farasi yalifuatana karne baada ya karne. Upande wa mashariki kulikuwa na Uajemi na, baadaye, makhalifa. Askari waliohamishwa kutoka mpaka mmoja waliuacha wazi, na jeshi lililochukua miaka mingi kufunzwa liliweza kuangamia kwa siku moja. Kitabu cha mbinu za kivita kinachonasibishwa na Kaisari Maurice, cha mwishoni mwa karne ya 6, kinamshauri jemadari amchoshe adui kwa njaa, hila na mashambulizi ya kuvizia, na asikubali pambano la wazi pasipo sababu nzito.

Mfano ulio wazi ni wa Kaisari Justinian. Mwaka 532 alifunga na mfalme Khosrow wa Kwanza wa Uajemi mkataba ulioitwa Amani ya Milele, akalipa ratili 11,000 za dhahabu kwa mkupuo mmoja. Wapo walioona kwamba hiyo ni fedheha. Hata hivyo, mwaka uliofuata jemadari wake Belisarius alivuka bahari akauteka ufalme wa Wavandali huko Karthago, katika Tunisia ya leo, kisha akaelekea Italia, jambo ambalo lisingewezekana kama majeshi yangekuwa yamefungwa mpakani mwa Uajemi. Amani hiyo ya milele ilidumu miaka minane tu, kwani mwaka 540 Khosrow aliivamia Syria na kuiteka nyara Antiokia. Suluhu ya mwaka 562, iliyokusudiwa kudumu miaka 50, iligharimu takriban vipande 30,000 vya dhahabu kila mwaka.

Dhahabu hiyo ilikuwa na thamani ya kipekee. Sarafu 72 zilitokana na ratili moja, na usafi wake haukupunguzwa kwa kiasi kikubwa mpaka karne ya 11, kwa hiyo zilipokelewa na wafanyabiashara mbali sana na mipaka ya dola. Katika nyaraka za ikulu malipo kama haya aghalabu yaliitwa zawadi, kwani ilikuwa muhimu kaisari aonekane mkarimu na si mtoaji wa kodi.

Je, diplomasia hiyo ilifika Afrika?

Ilifika, na inastahili kuzungumzwa zaidi kuliko ilivyo desturi. Mwaka 525 mfalme Kaleb wa Aksum, katika Ethiopia na Eritrea za leo, alivuka Bahari ya Shamu na kumwangusha mfalme wa Himyar, nchini Yemeni, aliyekuwa amewatesa Wakristo wa Najran. Kaisari Justin wa Kwanza alimhimiza afanye hivyo, na merikebu za Kirumi zilisaidia. Miaka michache baadaye Justinian alituma mjumbe Aksum na Himyar na pendekezo la namna mbili: Waethiopia wanunue hariri kutoka India na kuwauzia Warumi, ili fedha isipite tena mikononi mwa Waajemi, nao Wahimyari waishambulie Uajemi kupitia jangwani. Mpango haukufaulu. Wafanyabiashara wa Kiajemi walikuwa karibu zaidi na bandari ambamo vyombo vya Kihindi vilitia nanga, na walizoea kununua shehena nzima. Suala la hariri lilitatuliwa kwa njia nyingine mnamo mwaka 552, watawa walipoleta kwa siri mayai ya viwavi wa hariri hadi Konstantinopoli.

Huko Nubia, kusini mwa Misri, ushindani ulikuwa ndani ya ikulu yenyewe. Justinian na mkewe Theodora waliofuata mielekeo miwili tofauti ya Ukristo, kila mmoja alituma wamisionari wake katika ufalme wa Nobadia katika miaka ya 540, na wale wa Theodora walitangulia kufika. Katika enzi hiyo kubatizwa kwa mfalme jirani kulikuwa pia tendo la kisiasa.

Vita kuu na Uajemi vya mwaka 602 hadi 628 vilikwendaje?

Hivi ndivyo vita vinavyotajwa katika Sura ya Ar-Rum, na vilianza na mapinduzi. Kaisari Maurice aliyekuwa amemsaidia Khosrow wa Pili kurejea kwenye kiti cha ufalme, aliuawa mwaka 602 na askari wake wenyewe chini ya Phocas, naye Khosrow akatangaza vita kwa kisingizio cha kulipiza kisasi cha mfadhili wake. Waajemi waliiteka Yerusalemu mwaka 614 na kuuchukua msalaba uliosadikiwa kuwa ndio aliosulubiwa Yesu, kisha wakaichukua Misri iliyokuwa ikiulisha mji mkuu kwa nafaka. Mwaka 626 Waavari kutoka kaskazini waliizingira Konstantinopoli, huku jeshi la Waajemi likiwa limepiga kambi ng'ambo ya mlango wa bahari.

Kaisari Heraclius hakuwa mjini. Alikuwa mbali mashariki, akijenga urafiki na Waturuki wa nyika za kaskazini mwa Kaukasi, ambao mwaka 627 waliivamia milki ya Uajemi pamoja naye. Kuta za mji na manowari zake ziliwazuia Waavari, na mwezi Desemba 627 Heraclius aliwashinda Waajemi karibu na Ninawi. Miezi michache baadaye wakuu wa Uajemi walimwondoa Khosrow na kuomba amani. Kwa maoni yangu hiki ndicho kisa kinachoieleza Bizanti kuliko vyote: mji uliokaribia kufa uliokolewa na kuta zake na manowari zake, lakini pia na mshirika aliyetafutwa mamia ya maili kutoka uwanja wa vita. Gharama yake ilikuwa kubwa vilevile. Madola yote mawili yalibaki hoi, na majeshi ya Waarabu Waislamu yalipotokea kusini muda mfupi baadaye, Warumi walishindwa Yarmuk mwaka 636 na kuipoteza Iskandaria mwaka 642, wakati dola la Wasasani la Uajemi lilitoweka kabisa.

Je, Bizanti na makhalifa walikuwa vitani muda wote?

La. Mashambulizi ya mpakani yalikuwa karibu ya kila mwaka kwa vipindi virefu, na mara mbili Waarabu waliutishia mji mkuu wenyewe. Mwaka 717 jeshi na kundi kubwa la merikebu chini ya jemadari Mwarabu Maslama lilizingira Konstantinopoli kwa mwaka mzima, likashindwa kwa sababu ya kuta, baridi kali, silaha iliyoitwa moto wa Kigiriki (itaelezwa hapa chini) na mashambulizi ya Wabulgaria wa Khan Tervel ambao Kaisari Leo wa Tatu alikuwa na mapatano nao. Lakini mwaka 688 Justinian wa Pili na Khalifa Abd al-Malik walikuwa wamekubaliana kugawana mapato ya kodi ya Kupro, na kisiwa hicho kikabaki katika hali hiyo ya pekee kwa karibu miaka 300, hadi Wabizanti walipokitwaa mwaka 965.

Desturi ya kubadilishana mateka nayo ilikomaa. Mahali palipozoeleka ni mto Lamos, kusini mwa Uturuki ya leo. Mwaka 845 Waislamu zaidi ya 4,000 walikombolewa hapo: madaraja mawili yalijengwa, na kila Mwislamu aliyeanza kuvuka upande huu, Mkristo mmoja alivuka upande ule, huku kila upande ukiwapokea wake kwa takbiri au kwa sala ya Kigiriki ya kuomba rehema. Watu waliokuwa wamechomeana miji waliaminiana vya kutosha kuhesabu mateka kichwa kwa kichwa, kwa sababu kila upande ulijua utauhitaji mwingine tena.

Moto wa Kigiriki ulikuwa silaha ya namna gani?

Ulikuwa kimiminika kilichowaka hata juu ya maji na kurushwa kwa mirija kutoka kwenye manowari. Uliletwa katika karne ya 7 na Kallinikos, fundi aliyekimbia kutoka Syria. Mwaka 941 ndio ulioteketeza msafara wa Igor, mtawala wa Kiev. Siri yake haikuwa mchanganyiko peke yake: mwaka 812 Wabulgaria waliteka mirija 36 pamoja na akiba ya kimiminika chenyewe, na hakuna dalili kwamba waliwahi kuitumia. Mapishi yake yalipotea.

Mabalozi wa kigeni walipokewaje Konstantinopoli?

Walishangazwa kwanza, kisha wakasubirishwa. Mwaka 949 Liutprand wa Cremona, mjumbe kutoka Italia, alifikishwa mbele ya Konstantino wa Saba katika ukumbi wenye mti wa shaba iliyopakwa dhahabu, ndege wa bandia walioimba na simba wa bandia walionguruma. Alipoinua kichwa baada ya kusujudu, kiti cha kaisari kilikuwa kimepanda hadi karibu na dari. Baghdad haikupitwa na sanaa hiyo, kwani mabalozi wa Bizanti waliofika kwa Khalifa al-Muqtadir mwaka 917 walionyeshwa mti wa fedha wenye ndege waliopiga mbinja.

Liutprand alirudi mwaka 968 kumwombea mwana wa Otto wa Kwanza wa Ujerumani mchumba wa kifalme, na safari hii alidharauliwa. Barua ya Papa iliyomtaja Nikephoros wa Pili kuwa kaisari wa Wagiriki, na Otto kuwa kaisari wa Warumi, iliikasirisha ikulu mno, na vitambaa vya hariri ya zambarau alivyonunua mjumbe huyo alinyang'anywa alipoondoka, kwa kuwa havikuruhusiwa kutoka nje.

Ni kweli kwamba Wabizanti waliwagombanisha majirani zao?

Ni kweli, na waliliandika. Konstantino wa Saba alimwandikia mwanawe Romanos kitabu cha maelekezo ya utawala katikati ya karne ya 10, na sura zake za kwanza zinawahusu Wapechenegi, wafugaji wapiganaji wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Akiwa na amani nao, anaeleza, kaisari hana haja ya kuwaogopa Warusi, Wahungaria wala Wabulgaria, kwa sababu wote hao wanaweza kushambuliwa na Wapechenegi kutoka nyuma. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na ikulu hiyo ilijua namna ya kuwatafuta panzi.

Mbinu hiyo iliweza kumgeukia mwenyewe. Katika miaka ya 960 Nikephoros wa Pili alimlipa Sviatoslav wa Kiev ratili 1,500 za dhahabu ili awashambulie Wabulgaria. Sviatoslav aliishinda Bulgaria, akaipenda, akakataa kuondoka. Ilimlazimu Kaisari Ioannes Tzimiskes kumzingira Dorostolon, kando ya Danube, mwaka 971 mpaka akakubali kwenda zake. Mwaka uliofuata Wapechenegi walimvizia kwenye maporomoko ya mto Dnieper na kumuua.

Bulgaria ilikuwa adui au mwanafunzi?

Ilikuwa vyote viwili, na ndiyo maana ilikuwa jirani mgumu kuliko wengi. Mwaka 811 Kaisari Nikephoros wa Kwanza aliuteka mji wa Khan Krum na kuuchoma, akanaswa katika njia ya mlimani akirudi, akauawa; Krum alilifanya fuvu lake kikombe. Nusu karne baadaye Khan Boris alibatizwa, akachukua jina la Mikaeli, ambalo ndilo la kaisari aliyemsimamia. Hakuwa mtu wa kuburutwa. Alituma pia maswali kwa Papa Nicholas huko Roma na kupata majibu 106, akizishindanisha Roma na Konstantinopoli hadi alipopata kanisa lenye mamlaka yake.

Mwanawe Symeon alisomea Konstantinopoli. Mwaka 894 soko la wafanyabiashara wa Kibulgaria lilipohamishiwa Thesalonike na ushuru kupandishwa, alianzisha vita. Kaisari Leo wa Sita aliwaita Wahungaria wamshambulie kutoka ng'ambo ya Danube, naye Symeon akawaita Wapechenegi wawashambulie Wahungaria. Alikuwa amejifunza somo kutoka kwa wenyewe. Tarehe 20 Agosti 917 aliliangamiza jeshi la Bizanti karibu na Anchialos, na ni mwaka 927 tu, baada ya kifo chake, ndipo amani ilipofungwa: mwanawe Petro akamwoa Maria, mjukuu wa Kaisari Romanos, na cheo chake cha kifalme kikatambuliwa.

Mwisho wa mapambano hayo ulikuwa wa kutisha. Baada ya ushindi wa Kleidion mwaka 1014, Basil wa Pili aliwapofusha mateka, ambao mwandishi wa Kibizanti Skylitzes anasema walikuwa 15,000, idadi ambayo wanahistoria wengi wa leo wanaiona imetiwa chumvi. Mwaka 1018 Bulgaria yote ilikuwa mkoa wa Bizanti. Ni makosa kumsifia Basil ushindi huo bila kutaja macho hayo.

Mabinti wa kifalme waliozwa kwa wageni?

Kwa shida kubwa mwanzoni. Konstantino wa Saba alifundisha kwamba wageni wakiomba mavazi ya kifalme, moto wa Kigiriki au binti wa kaisari, wakataliwe, ingawa aliwatoa Wafranki, watu wa Ulaya ya Magharibi, katika katazo hilo la mwisho. Haja ililegeza kanuni. Mwaka 972 Theophanu, jamaa wa Tzimiskes, aliolewa na Otto wa Pili mjini Roma. Basil wa Pili, alipobanwa na waasi, alimwoza Vladimir wa Kiev dada yake Anna aliyezaliwa ikuluni, kwa sharti kwamba abatizwe, akapata wapiganaji 6,000 waliowashinda waasi na kuwa chimbuko la kikosi cha walinzi wa kaisari kilichoitwa cha Kivaranji. Kutokana na ndoa hiyo Ukristo wa Kiorthodoksi uliingia katika nchi ambazo leo ni Ukraine, Urusi na Belarusi. Mikataba michache ya karne za kati ilizaa matokeo marefu kiasi hicho.

Je, ni pigo la Manzikert lililoivunja milki?

Si lenyewe. Tarehe 26 Agosti 1071 Romanos wa Nne alishindwa na Sultani Alp Arslan wa Waturuki Waseljuki akatekwa, lakini sultani alimtendea kwa heshima, akafunga naye mkataba, akamwachia huru. Sehemu kubwa ya jeshi ilikuwa imeokoka. Waliomwangamiza Romanos ni wapinzani wake mjini, ukoo wa Doukas, waliokataa kumpokea, wakampiga vita na kumtoboa macho. Katika miaka kumi iliyofuata kila mgombea wa kiti alikodi askari wa Kituruki dhidi ya mwenzake, akawafungulia milango ya miji ya Anatolia.

Kwa nini Wakristo wa Magharibi waliigeukia Konstantinopoli mwaka 1204?

Mzizi wake ni msaada ulionunuliwa kwa bei ghali. Alexios wa Kwanza Komnenos, aliyetawazwa mwaka 1081, alivamiwa na Wanormani wa Robert Guiscard kutoka kusini mwa Italia. Ili kupata manowari za Venezia aliwasamehe wafanyabiashara wake ushuru wa asilimia 10 ambao wenyeji waliendelea kuulipa. Aliokoka, na mwaka 1091 akawamaliza Wapechenegi kule Levounion kwa msaada wa Wakumani, wapanda farasi wengine wa nyika. Wapiganaji wa Msalaba, yaani Wakristo wa Magharibi waliokuwa wakienda kuiteka Yerusalemu, walipofika miaka michache baadaye, aliwaapisha viongozi wao kwamba wangerudisha miji iliyokuwa ya milki. Mmoja wao, Bohemond, alijiwekea Antiokia.

Chuki iliongezeka kwa miaka mia. Mwaka 1171 Kaisari Manuel wa Kwanza aliwakamata Wavenezia wote nchini kwa siku moja, na mwaka 1182 umati wa Konstantinopoli uliwaua Walatini, yaani Wakristo wa Magharibi, wengi waliokaa mjini humo. Kisha mwaka 1203 mwanamfalme Alexios Angelos aliwaahidi Wapiganaji wa Msalaba marki 200,000 za fedha wakimrudisha baba yake kwenye kiti. Walifanya hivyo, hazina ikawa haina kitu, na mwezi Aprili 1204 waliuteka mji na kuupora. Diplomasia ya ahadi isiyo na akiba nyuma yake ilikuwa imefika mwisho.

Milki iliyorudishwa mwaka 1261 iliwezaje kuishi karibu miaka 200 zaidi?

Kwa ustadi wa Michael wa Nane Palaiologos kwanza, kaisari ambaye watu wake waliurudisha mji kutoka kwa Walatini mwaka huo. Alishirikiana na Genova dhidi ya Venezia, akakubali muungano na Kanisa la Roma katika Mtaguso wa Lyon mwaka 1274 ili kumzuia Papa asiunge mkono uvamizi, akamwoza binti yake Maria kwa Abaqa, mtawala wa Wamongoli huko Uajemi, na mwingine kwa Nogai, mkuu wa Wamongoli wa kaskazini, na akawaruhusu masultani wa Misri wapitishe merikebu zilizobeba watumwa kutoka Bahari Nyeusi. Binadamu hao walikuwa bidhaa ya mkataba, na hilo lisifichwe. Mwaka 1282 wananchi wa Sicilia walipoasi dhidi ya Charles wa Anjou, aliyekuwa akiandaa uvamizi, dhahabu ya Michael ilikuwa imekwisha kuwafikia maadui wa Charles.

Warithi wake walirudia kosa la baada ya Manzikert. Ioannes Kantakouzenos, akipigania kiti, alimwoza Orhan, mtawala wa Waturuki Waosmani, binti yake Theodora mwaka 1346, na askari waliokuja kama washirika walibaki Gallipoli baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1354.

Je, mwaka 1453 hakukuwa na njia ya mazungumzo iliyobaki?

Ilikuwepo, ila safari hii aliyeitumia vizuri zaidi alikuwa Mehmed wa Pili, sultani wa Waosmani. Mwaka 1451 alihuisha mkataba na Venezia na kufunga suluhu ya miaka mitatu na Hunyadi, kiongozi wa Hungaria, hivyo mji ukabaki peke yake. Kaisari Konstantino wa Kumi na Moja alijaribu kumtisha kwa kutaja Orhan, mwanamfalme wa Kiosmani aliyehifadhiwa Konstantinopoli, akidai posho ya mgeni huyo iongezwe. Jambo hilo lilimpa sultani kisingizio. Muungano na Roma ulitangazwa katika kanisa kuu la Hagia Sophia tarehe 12 Desemba 1452, na wakazi wengi waliukataa. Mzingiro ulianza Aprili, na watetezi hawakufika 10,000. Mji ulianguka tarehe 29 Mei.

Wagenova wa Galata, ng'ambo ya ghuba ya Pembe ya Dhahabu, walikuwa wametangaza kutoegemea upande wowote ingawa baadhi yao walipigana kutani. Tarehe 1 Juni Mehmed aliwapa hati ya kuwahakikishia mali, makanisa na biashara yao, iliyoandikwa kwa Kigiriki.